Mbwana Nyundo na Maji ya Bamia

Usimwulize Mbwana Suleiman ana miaka mingapi, atakununia. Muulize ameingia tumboni mwa boila mara ngapi, hapo atakuvutia kiti. Mara tisini na mbili! Na kila mara, kwa maelezo yake mwenyewe, alitoka akiwa shujaa.

Kiwanda anachofanyia kazi kiko Likoni, kwenye njia ya kushukia Mtongwe, na shughuli yake ni kufua mashuka na taulo za mahoteli ya pwani ya kusini. Maji ya mfereji huja siku yakijisikia kuja, kwa hivyo kiwanda hutegemea kisima chake, nacho kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Ukiyateka maji yale na kuyatazama ni safi kabisa. Yachemshe sasa. Chokaa iliyokuwa imejificha ndani itatoka na kugandia kwenye chuma, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka chuma kivae magamba meupe mazito kama biskuti. Kila mwenye birika Likoni anayajua magamba hayo. Birika likiyavaa, chai inachelewa, basi. Boila likiyavaa linabugia mafuta bila kushiba, na chuma kilichofunikwa hupata joto kupita kiasi, hata kinaweza kupasuka.

Kwa ajili hiyo, kila miezi mitatu boila lilizimwa, likaachwa lipoe, na Mbwana akaingia kwa tundu dogo la mviringo akiwa na nyundo na patasi. Siku tatu alikuwa humo akigonga. Kiwanda kizima kilimsikia. Akitoka jioni alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi kucha, anakohoa, sikio la kushoto halisikii tena vizuri, na kila mtu anampisha njia. Meneja mwenyewe, Bwana Abdulaziz, alikuwa akimtolea soda baridi kwa mkono wake. Ndipo watu walipompa jina la Mbwana Nyundo, na yeye akalipokea kama cheo.

Siku nyingine zilizobaki za mwaka alitembea kiwandani mikono nyuma, akiwapitia akina mama wa sehemu ya kukunja mashuka na kuwakosoa pembe. Mkubwa wao, Emmaculate, mama wa Kigiriama mwenye ulimi wa kukata kitambaa, alimvumilia kwa sababu ya zile siku tatu tu.

Kisha akaja Vivian.

Vivian alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, kwao Kaloleni, amesomea mambo ya kemia na ameajiriwa kuangalia maji na sabuni za kiwanda. Alikuwa na adabu. Wiki ya kwanza alimwendea Mbwana, akamwamkia shikamoo, akamwomba amfundishe boila. Mbwana alifurahi hata akasahau kujivuna. Aliokota vipande viwili vya bomba la zamani, kimoja kimejaa magamba, kingine kitupu, akavigonga kwa nyundo.

"Sikiza, mwanangu. Hiki chasema ndu. Kimevaa magamba, sauti imezibwa. Hiki je? Ngaa! Chuma kitupu chalia kama kengele. Macho yatakudanganya humo ndani, giza tupu. Sikio halidanganyi."

Vivian aliandika yote katika daftari lake dogo: ndu, ngaa. Mbwana alimwona anavyoandika, akamwambia mkewe jioni hiyo kwamba vijana wa siku hizi si wabaya wote.

Alibadilisha kauli siku kumi baadaye. Vivian alileta pipa dogo la buluu la lita ishirini na pampu ya kudondosha, akaifunga kwenye bomba linalopeleka maji boilani, kisha akawakusanya watu awaeleze.

"Humu mna polima," alisema. "Ni chembe zilizoshikana mkono kwa mkono zikawa mnyororo mrefu, hauonekani kwa macho, na mnyororo wote unayeyuka majini. Chokaa ikianza kujikusanya ili igande, mnyororo unaizonga, haipati kujipanga. Badala ya kushika chuma inabaki tope laini. Tunafungua valvu ya chini, tope linatoka."

Mbwana alichovya kidole, akanusa. "Mbona hainuki?"

"Haina harufu, baba."

"Dawa isiyonuka!" Mbwana aliwageukia wenzake. "Mwaka ule walileta asidi, tulilia machozi kutoka huku hadi getini. Ile ilikuwa dawa. Hii wallahi ni mate ya konokono."

Watu walicheka, lakini Bwana Abdulaziz hakucheka. Alisema miezi mitatu ikiisha boila litafunguliwa mbele ya wote. Wakikuta magamba, pipa litarudi lilikotoka. Wakikuta chuma ni safi, basi nyundo imestaafu, na Mzee Mbwana atapewa kazi nyepesi inayomfaa mtu wa umri wake. Kukunja mashuka.

Emmaculate alipiga kigelegele kimoja kifupi. "Karibu, Mzee Nyundo! Kiti chako nitakipangusa vumbi mwenyewe. Na pembe zako nitazikagua mimi."

Mbwana hakulala vizuri siku hizo. Hakuwa akiogopa njaa, kwani mshahara ungekuwa uleule. Alichoogopa ni kile kiti, katikati ya wanawake kumi na wanne aliowakosoa miaka ishirini na mitatu. Tumwonee huruma kidogo, ingawa alijitafutia.

Wazo lilimjia akiwa anakunywa chai nyumbani. Mkewe, Mwanatabu, alikuwa na mazoea mapya. Kulikuwa na ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu za akina mama wote wa Likoni, daktari asiyejulikana ni wa wapi akisema maji yaliyolowekwa bamia usiku kucha hulainisha magoti. Basi kila asubuhi Mwanatabu aliziba pua akanywa glasi nzima. Asubuhi hiyo alimwagikiwa na matone mezani, na Mbwana alipoyapangusa vidole viliteleza. Akasugua tena. Yaliteleza vilevile kama ile dawa ya Vivian. Na kila Jumatatu Vivian alikuwa akichovya vidole kwenye pipa na kusugua, kuhakikisha dawa haijachakachuliwa kwa maji.

"Mama Ummi," alisema kwa upole usio wa kawaida yake, "hata mimi magoti yanisumbua. Nilowekee na mimi."

Mwanatabu alimlowekea glasi moja. Kesho yake Mbwana akaomba jagi. Wiki iliyofuata akaomba ndoo ndogo, na bamia akanunua mwenyewe, fungu baada ya fungu, mpaka muuza mboga akamuuliza kama ana harusi.

"Baba Ummi," Mwanatabu alimuuliza akichuja, "kwani wewe una magoti mangapi?"

"Nawagawia na wenzangu kazini. Ni sadaka."

Kwa hiyo kila baada ya siku mbili Mbwana alifika kazini kabla ya wengine na galoni ya maji ya bamia. Ile polima halisi aliihamisha yote kwenye mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, akaubeba hadi nyumbani na kuusukuma chini ya kitanda, akaufunika gunia. Pipa la buluu akalijaza bamia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: maji ya mboga yatazuia nini? Magamba yatakua kama yalivyokua siku zote, boila litafunguliwa, kila mtu atayaona, na pipa litaondoka na mwenyewe. Wala hakuona kwamba anahatarisha chuma, maana miezi mitatu ndio muda ambao boila lilizoea kukaa na magamba yake. Alikuwa mjanja, si mwovu, na tofauti hiyo aliirudia moyoni mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Mpango ulikuwa na kasoro moja, nayo ni harufu. Chumba cha boila kina joto la kutosha kuivisha wali, na bamia haikai. Mbwana akaanza kukamulia ndimu. Sasa chumba kikanuka mchuzi ulio karibu kuiva. Wafanyakazi walikuwa wakipita pale saa nne asubuhi wanameza mate. Hoteli moja ikapiga simu kuuliza, kwa heshima zote, kama mashuka yanapigwa pasi jikoni, kwa sababu mgeni mmoja amesema yanamtia njaa. Vivian alilipokea swali hilo, akaenda kuchungulia pampu peke yake, akarudi kimya na kuendelea kupima maji yake kama kawaida. Mbwana aliona ukimya ule akauhesabu kuwa ni ujinga wa vitabuni.

Miezi mitatu ikaisha. Boila lilizimwa Alhamisi, na Jumamosi asubuhi mfuniko ukafunguliwa. Watu wote walikuwepo. Bwana Abdulaziz alikuja na soda yake lakini hakuifungua. Emmaculate alikuja na kiti, kweli, kimepanguswa, akakiweka mahali ambapo Mbwana hangekosa kukiona.

Mbwana alivaa kofia yake, akachukua nyundo na patasi, akasema bismillahi na kuingiza mabega. Tundu lilikuwa limepungua mwaka hata mwaka, au tumbo lilikuwa limeongezeka. Yeye alishikilia kwamba ni tundu. Akajisukuma, akapenya, akaketi gizani, akawasha tochi.

Chuma kilikuwa kitupu.

Alipapasa bomba la kwanza, la pili, la tano. Laini! Chini kulikuwa na tope jeupe kidogo, laini kama uji, la kufuta kwa tambara. Ile biskuti aliyoijua miaka yote haikuwepo. Mbwana alihisi baridi katika tumbo la boila, mahali ambapo hajawahi kuhisi baridi. Maji ya bamia ya mkewe yalikuwa yamefanya kazi ileile aliyoapa kwamba haiwezekani, na sifa zote zitakwenda kwa lile pipa la buluu. Akisema ukweli ni mwizi. Akinyamaza ni mkunja mashuka.

Kwa nje sauti ya Bwana Abdulaziz ikauliza, "Vipi huko, Mzee Mbwana? Kuna kitu?"

Kiti cha Emmaculate kilimjia machoni. Mbwana akainua nyundo, akaanza kugonga chuma kitupu kwa nguvu zake zote.

"Yapo!" alipiga kelele. "Yapo mengi! Yameshika kama saruji!"

Nje watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema si aliwaambia. Emmaculate akakivuta kiti chake nyuma hatua moja, kwa masikitiko. Ndani Mbwana alitwanga huku na huku, jasho linamtiririka, ngaa, ngaa, ngaa, akapanda juu, akashuka chini, akafika hadi kona ya nyuma ambako mabomba yanabanana na maji hayazunguki vizuri. Akagonga.

Ndu.

Mkono ulisimama wenyewe. Akageuza kichwa, akatega sikio la kulia, lile lililobaki zima. Akagonga tena kwa ncha ya nyundo. Ndu.

Wakati huohuo mwanga wa tochi ya pili ukaingia tunduni, na nyuma yake kichwa cha Vivian kimefungwa leso.

"Mzee Mbwana," alisema kwa sauti ya chini ili wa nje wasisikie. "Wiki ya kwanza ulinifundisha. Chuma chenye magamba chasema ndu. Mbona nasikia kengele tangu uingie?"

Mbwana akaishusha nyundo. Somo lilikuwa lake mwenyewe, na mwanafunzi alikuwa amelishika.

Vivian aliingiza mkono na kumnyooshea kibiriti. Mbwana alikifungua kwa vidole vinavyoteleza kwa jasho. Ndani hamkuwa na njiti. Mlikuwa na mbegu ndogo za duara, tisa au kumi, zimekauka.

"Nilizitoa kwenye chujio la pampu wiki ya tatu tangu niifunge," Vivian alisema. "Mama yangu apika bamia kila Jumapili, kwa hivyo sikuhitaji maabara."

"Na hukusema!"

"Nilitaka kusema. Kisha nikapima tope la valvu ya chini, nikaona chokaa inatoka. Nikapima joto la moshi wa bombani kila siku, halipandi. Lingepanda hata kidogo ningejua magamba yanakua, nikalizima boila siku hiyohiyo. Halikupanda. Sasa nambie, ule uteute wa bamia wafikiri ni nini? Ni minyororo mirefu, yayeyuka majini. Ni polima, baba. Umeitoa yangu ukatia yako."

Mbwana alizikodolea zile mbegu. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mtoto wa watu alikuwa amembeba miezi miwili na nusu bila kumsema kwa mtu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi siogopi dawa yako. Naogopa yale mashuka. Naogopa kile kiti pale nje."

"Nakijua. Nimekiona kimepanguswa."

Wote wawili wakacheka, kicheko cha kubana pumzi, na boila likakirudisha. Hapo Mbwana angeweza kumalizia na kutoka. Siri ilikuwa salama, binti hakuonekana mtu wa kumchoma. Akakumbuka ile kona. Kumwambia kulikuwa ni kumpa Vivian kazi ya mwisho iliyobaki mikononi mwake Mbwana, na kutomwambia kulikuwa ni kuacha chuma kiungue. Hakuchukua muda kuchagua. Mtu aliyeingia mara tisini na mbili hawezi kusikia ndu akajifanya hajasikia.

"Hebu shika tochi hapa. Kona ya nyuma, bomba la tatu toka chini. Siliamini."

"Ni safi, naliona. Jeupe kidogo tu kwa vumbi."

"Usilione. Lisikize."

Akagonga la pili: ngaa. Akagonga la tatu: ndu. Vivian akafumba macho, akamwomba agonge tena. Kisha Mbwana akaweka patasi nyuma ya bomba, upande ambao tochi haifiki, akapiga mara moja, na bonge la magamba lenye ukubwa wa kiganja likaanguka kwenye tope. Chini yake chuma kilikuwa kimeanza kuwa cheusi kwa kuungua.

Vivian aliliokota bonge akaligeuzageuza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Maji hayazunguki huku," alisema polepole. "Dawa haifiki, yako wala yangu. Na vipimo vyangu vyote vilisema salama."

"Vipimo vyako havina sikio."

Walipotoka, Mbwana alikwama kiunoni kama alivyokwama mara ya mwisho na kukanusha, na aliyemvuta kwa mikono miwili alikuwa Emmaculate, kwa furaha kubwa. Vivian alimkabidhi Bwana Abdulaziz lile bonge. Alisema polima imefanya kazi, boila ni safi, hakuna haja tena ya siku tatu za nyundo. Alisema pia kwamba kona moja ingepasua bomba kabla ya mwaka kuisha, na aliyeigundua ni mzee huyu kwa sikio lake, wala hakuna chombo humu kiwandani kingeigundua. Kuanzia sasa, kila miezi mitatu, anamtaka aingie agonge bomba moja baada ya jingine na kusikiliza, kisha amwambie, naye ataandika.

"Na ile kelele yote ya yapo, yapo?" Bwana Abdulaziz aliuliza.

"Nilikuwa naamsha sikio," Mbwana alijibu, macho makavu kabisa. Soda ikafunguliwa.

Emmaculate alikikalia kiti chake mwenyewe. "Utazeeka zaidi, Mzee Nyundo," alimwambia. "Kitakungoja."

Lilibaki jambo moja. Vivian alimfuata getini. "Lita zangu ishirini, baba. Jumatatu nazitaka."

Mbwana alifika nyumbani, akainama chini ya kitanda, akavuta mtungi wa manjano. Uliinuka mwepesi kama kofia. Mwanatabu alikuwa mlangoni anamtazama, ameshika mikono kifuani, uso umejaa haya ya bi harusi.

"Nilijua siku moja utauangalia," alisema. "Niliuona tangu wiki ile ulipouleta. Nikatia kidole, chateleza, hakinuki, nikajua ni malighafi ya sabuni. Nikasema mume wangu huyu! Ameniletea biashara yangu kitu, ameona haya kusema. Nikangoja useme. Hukusema. Nikaitumia."

Mwanatabu alikuwa akitengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa chupa za soda. Akaeleza kwamba tangu achanganye kitu kile, maji ya kisima hayaachi tena ule ukungu mweupe kwenye glasi, wateja wameongezeka, wanatoka hadi kule Shelly ufukweni. Hata kazini kwenu, alisema, kuna binti mmoja huagiza kupitia Emmaculate kila wiki mbili, anaitwa Vivian.

Mbwana akaurudisha mtungi sakafuni. Miaka thelathini na moja ya ndoa alikuwa hajawahi kumletea mkewe kitu kikamfurahisha hivi, na alichomletea safari hii alikiiba. Aliona vibaya, akaona vizuri, vyote kwa pamoja. Akaamua kwamba Jumatatu atamweleza Vivian na kukatwa mshahara mpaka lita ishirini zitimie, na kwamba Mwanatabu hatalijua jambo hilo katika dunia hii.

"Basi hukukosea," alisema, akikaa kitandani. "Ilikuwa yako."

Mwanatabu alitabasamu, akaenda jikoni, akarudi na fungu la bamia mkononi. "Na haya magoti ya wenzako je? Niwalowekee ndoo?"

"Magoti yamepona," Mbwana alisema. "Leo zipike tu."